Madini ndani ya mwili wa nyama: juu ya nini kitoto cha nguruwe kinakosa damu na kondoo anageuka wa manjano



Kama uko na dende nyumbani, umushike leo magaribi, umufungue mdomo polepole, uangalie meno yake ya mbele. Ni meupe kama maziwa. Kisha omba mwindaji wa jirani akuonyeshe kichwa cha simbilisi, ao angalia panya aliyeanguka mu mtego kule ku gala. Hao wako na meno ya rangi ya machungwa, karibu na rangi ya kutu ku jembe la zamani. Watu wengi wanafikiri ni uchafu wa chakula. Hapana. Ni chuma. Panya na simbilisi wanatia chuma ndani ya ganda gumu la jino, na ganda lile liko upande wa mbele peke yake. Upande wa nyuma ni laini zaidi, unaisha mbio kuliko wa mbele, njo maana jino linabaki na makali sawa patasi ya seremala. Dende ni wa jamaa moja na hao, lakini yeye hakupewa ile chuma. Kwa majani tunayomukatia, meno yake meupe inamutosha.

Tunaanza na meno ya panya kwa sababu ni kitu kila mtu anaweza kuangalia mwenyewe bila mashini. Lakini sababu ya makala hii ni maulizo mawili tuliyoyapata toka koperative mbili tofauti. Moja ilikuwa juu ya vitoto vya nguruwe, ingine juu ya kondoo. Hapo mwanzo hakuna aliyefikiri kama maulizo yale yanafanana. Kumbe yote mbili ilikuwa hesabu ya madini: huku yamekosekana, kule yamezidi.

Sisi watu wa Congo tukisikia neno "madini", mawazo inaenda ku kiwanja cha kuchimba, ku makamiyo, ku Katanga, ile ambayo toka 1971 mpaka 1997 iliitwa Shaba. Lakini chuma, shaba, zinki na kobalti ziko pia ndani ya mwili wa kila nyama, kidogo kidogo. Mtu mzima iko na chuma karibu gramu 4 mu mwili mzima, uzito wa msumari mmoja mdogo. Ni kidogo, lakini bila ile msumari hatupumui. Na hakuna nyama anayeweza kutengeneza chuma mwenyewe. Lazima aipate ku udongo, ku majani, ku maji ao ku maziwa ya mama yake. Ikikosa mu chakula, itakosa mu damu. Na ikizidi, mwili lazima ujue namna ya kuitupa inje. Kuna nyama wanaojua kuitupa, na kuna wasiojua.

Vitoto vya nguruwe juu ya sima

Mama mmoja wa koperative alichukua mukopo, akajenga kibanda cha nguruwe na sima chini, paa ya mabati, mfereji wa mkojo, kila kitu safi. Tuseme ukweli: sisi wenyewe njo tulimushauri ajenge vile, juu ya minyoo na juu ya harufu. Nguruwe yake wa kwanza akazaa vitoto tisa. Wiki mbili vilikuwa vizuri. Wiki ya tatu vikaanza kufa.

"Mama, maziwa iko?"

"Iko mingi, papa. Vinanyonya mpaka vinalala hapo hapo."

"Na vinavyokufa ni vile vidogo?"

"Hapana. Ni vile vinene njo vinaanza. Kimoja nilikiona asubui kinakimbia, saa sita nikakikuta kimelala na kimekufa."

Jirani walikuwa wanasema kibanda kile kimerogwa, kwa sababu ku vibanda vya zamani, vya miti na udongo, vitoto havikufa namna ile. Jirani waliona sawasawa. Walikosea ku sababu tu.

Damu ni nyekundu juu ya chuma. Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa hemoglobini, na mu hemoglobini muko chuma. Chuma ile njo inashika hewa ku mapafu na kuipeleka ku misuli, ku moyo na ku bongo. Kitoto cha nguruwe kinazaliwa na akiba ya chuma karibu miligramu 50. Kila siku kinahitaji karibu miligramu 7, kwa sababu kinakomaa mbio sana: katika wiki tatu kinaweza kufikisha mara nne ya uzito wa kuzaliwa, na damu lazima iongezeke vilevile. Maziwa ya mama yake inamuletea karibu miligramu 1 kwa siku. Basi fanya hesabu kama vile tunafanya hesabu ya sanduku la koperative: akiba 50, kila siku inatoka 7, inaingia 1. Siku ya nane sanduku ni wazi.

Juu ya nini maziwa ya nguruwe iko na chuma kidogo vile? Kwa sababu tangu zamani haikuhitajika. Nguruwe wa pori anazaa juu ya udongo, na vitoto vyake vinaanza kuchimba na pua siku za kwanza kabisa. Vinakula udongo, vinapata chuma. Udongo wetu mwekundu ni mwekundu juu ya chuma, ni ndugu ya kutu. Mu kibanda cha zamani mambo ilikuwa vile vile. Tulipotia sima, tulifunga mlango wa gala ya chuma, na hatukumuambia mama huyu aache dirisha.

Sasa unaelewa juu ya nini vile vinene vinatangulia. Kitoto kinene ni kile kinachokomaa mbio zaidi, na damu yake lazima igawanywe ku mwili mkubwa zaidi, lakini akiba ya kuzaliwa ni moja. Kwa macho ni kizuri, mviringo, lakini ndani damu imekuwa maji. Siku kinapokimbia kidogo ao kinapopigania ziwa, moyo unashindwa.

Alama za kuangalia: chukua kitoto, inua sikio lake mbele ya jua. Kama damu ni nzuri, utaona mishipa myekundu. Kama damu imekosa, sikio ni jeupe sawa karatasi. Angalia fizi na ndani ya kope, nazo zitakuwa nyeupe. Nywele zinasimama, ngozi inakunjana, kitoto kinapumua kwa nguvu na mbavu zinaruka hata kama kimelala. Mara nyingi kuhara kunaingia juu yake, watu wanatibu kuhara na vitoto vinaendelea kufa. Lakini jihadhari: kama nguruwe wakubwa nao wako na homa kali, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu ao vya bluu, na wanakufa moja nyuma ya mwingine, hiyo haiko kukosa chuma. Inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Funga kibanda, usiuze nyama, ita veterinere siku ile ile.

Dawa ya kukosa chuma inajulikana, na haiko ya ajabu. Ni shindano moja ya chuma, ile inaitwa feri-dekstrani, miligramu 200 kwa kila kitoto, siku ya tatu nyuma ya kuzaliwa. Chupa nyingi ziko na miligramu 100 kwa mililita moja, basi ni mililita 2. Lakini zingine ziko na 200 kwa mililita, na hapo ni mililita 1 peke yake. Soma chupa mbele ya kuvuta dawa, na kama husomi, mupe mtoto wa shule akusomee. Piga ku shingo, nyuma ya sikio, si ku paja. Paja njo nyama unayotaka kuuza, na chuma inaweza kuacha doa na jipu. Vuta ngozi kidogo kwa kidole mbele ya kuingiza shindano, kisha uiachilie, hivi dawa haitoki ku tundu. Shindano ichemshwe. Na usizidishe: chuma nyingi ni sumu, kitoto kinaweza kufa siku ile ile.

Watu wengine wanatuambia: "Mimi nitamulisha mama nguruwe lengalenga na majani ya mihogo mingi, maziwa itapata chuma." Majani ni mazuri kwa mama, umupe. Lakini chuma ya majani haipiti ku maziwa kwa wingi. Hata ukimupa mama chuma ya chupa, maziwa yake itabaki karibu vile vile. Kitoto chenyewe njo lazima kipewe.

Na kama farmasi iko mbali, ao feza hakuna? Rudisha udongo. Chimba ku fasi ambayo nguruwe hawakupita na watu hawakujisaidia, shuka karibu nusu metre, utoe udongo mwekundu wa chini. Ukaange mu kikarayi ao mu bati juu ya moto, juu ya mayai ya minyoo. Uache upoe, kisha utie konzi mbili tatu mu kona ya kibanda kila siku, kuanzia siku ya pili ao ya tatu, fasi ambayo mama hawezi kuulalia na kuuchafua. Utaona vitoto vinaukimbilia. Endelea mpaka vinapoanza kula chakula kingine sawasawa. Haifikie shindano kwa uhakika, kwa sababu huwezi kujua kila kitoto kimekula kiasi gani, lakini inaokoa. Mambo mawili ya kukataza: usichukue udongo ku fasi nguruwe waliwahi kufa na homa, na usiuchukue karibu na mabaki ya kuchimba madini. Pale hakuna chuma peke yake, risasi na sumu zingine zinaweza kuwamo. Na pemba ile nyeupe ya soko haifae kwa kazi hii. Ni nyeupe kwa sababu karibu haina chuma.

Mama yetu alibakia na vitoto vinne. Aliyezaa mara ya pili, vitoto vilipigwa shindano siku ya tatu, na udongo ulikuwa mu kona. Mukopo bado anaulipa.

Kondoo chini ya kahawa

Hadithi ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu ilifikia watu.

Koperative ingine inalima kahawa. Juu ya ugonjwa wa kutu ya majani na ugonjwa wa matunda, wanapiga dawa yenye shaba, ile ya rangi ya bluu ao ya kijani. Ni dawa nzuri ku kahawa, ku nyanya na ku viazi, hatuikatai. Mzee mmoja akafikiri vizuri: badala ya kulipa watu kukata majani chini ya kahawa, alete kondoo zake. Kondoo wakala, wakanenepa, shamba likawa safi. Miezi ikapita. Siku ya soko akawapeleka kumi na mmoja kwa miguu, saa tano za njia mu mvua. Kesho yake watatu hawakusimama. Macho yalikuwa ya manjano sawa unga wa mihindi, mkojo mweusi sawa kahawa yenyewe. Siku mbili nyuma, walikuwa wamekufa wanne.

Kondoo hawakula kitu kipya. Walikuwa wametoka kulala ku lupango ya jamaa mmoja ku njia. Basi, nani aliwapa sumu? Unajua namna mambo ile inaenda ku kijiji. Yule jamaa aliitwa mbele ya wazee, akalipa mbuzi mmoja ili ayamalize, na jamaa mbili zikaacha kusalimiana.

Veterinere alipofika, alimupasua wa tano. Maini yalikuwa ya manjano, figo zilikuwa nyeusi sawa chuma cha bunduki. Akauliza swali moja peke yake: "Hawa walikuwa wanakula wapi?"

Shaba ni chakula. Bila shaba mwili hauwezi kutumia chuma vizuri kutengeneza damu, na nywele haziwezi kupata rangi. Ngombe mweusi anayekosa shaba anageuka wa kutu, na mara ingine nywele zinazunguka macho zinapauka mpaka anaonekana sawa mtu aliyevaa miwani. Mwanakondoo ambaye mama yake alikosa shaba anaweza kuzaliwa na miguu ya nyuma isiyomushika. Kwa hiyo hatusemi shaba ni mbaya.

Shida ni kwamba kondoo hajui kuitupa. Nguruwe akikula shaba nyingi, sehemu kubwa anaitoa. Ni kwa sababu hiyo viwanda vinatia shaba mu chakula cha nguruwe ili akomae mbio. Ngombe anavumilia kiasi, mbuzi anavumilia kuliko kondoo. Lakini kondoo anaiweka mu maini, leo kidogo, kesho kidogo, wiki nyuma ya wiki, na kwa macho ni mzima kabisa. Anakula, anazaa, ananenepa. Kisha siku moja anachoka, ao anakosa chakula, ao anapigwa na mvua, ao anatembea njia ndefu, na maini yanapasuka sawa gunia lililojazwa kupita kiasi. Shaba yote inamwangika mu damu kwa mara moja, inapasua chembe za damu. Chembe zilizopasuka zinapita ku mkojo, njo maana mkojo ni mweusi. Rangi ya manjano ku macho ni maini na damu vinavyooza pamoja. Ku wale walioanza kuonyesha alama, wengi wanakufa katika siku moja mpaka nne.

Basi sumu haikutiwa usiku ule ku lupango. Iliingia miezi mingi mbele, mdomo kwa mdomo, chini ya kahawa, na mwenye kondoo mwenyewe njo aliwapeleka pale kwa nia nzuri. Njia ndefu ya soko ilifungua gunia tu.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema: "Basi ile mbuzi nitairudishaje?" Aliirudisha. Ilikuwa na mimba tayari.

Nini cha kufanya? Kwanza, kondoo wasiingie chini ya mimea iliyopigwa dawa ya shaba, ku kahawa, ku nyanya, ku viazi, na wasikatiwe majani ya pale. Mvua inashusha shaba ku majani ya chini na ku udongo, na shaba haiozi sawa dawa zingine. Inakaa. Mwaka huu, mwaka ujao, ingali pale. Kama unataka nyama wa kusafisha shamba la kahawa, hiyo haiko kazi ya kondoo.

Pili, chakula cha nguruwe usimupe kondoo, hata kama ni mabaki na unahurumia kuyatupa. Chakula cha nguruwe cha kiwanda kinaweza kuwa na shaba zaidi ya miligramu 100 kwa kilo. Kondoo, Ulaya sheria inakataza kupita 15 mu chakula chake kizima. Mbolea ya kuku ambayo watu wengine wanachanganya mu chakula cha nyama, nayo inaweza kubeba shaba. Na yale majiwe ya kulamba yenye chumvi: ku gunia angalia kama wameandika "cuivre" ao "Cu". Kama imeandikwa, ni ya ngombe. Ile ya kondoo inatengenezwa bila shaba ya kuongeza.

Tatu, maji ya sulfati ya shaba ya kuosha kwato zinazooza. Kondoo mwenye kiu anaweza kuyakunywa na akafa haraka. Sulfati ya zinki inafanya kazi ile ile ku kwato, na kwa kondoo haina hatari kubwa vile. Maji yaliyotumika yamwagwe mu shimo mbali na ziwa la samaki, kwa sababu shaba inaua samaki.

Kama tayari wamekula pale, waondoe leo, lakini polepole: usiwakimbize, usiwapakie mu gari, usiwakate manyoya, usiwapeleke soko ile wiki. Ita veterinere. Iko na dawa ya molibdeni, madini ingine ambayo inaishika shaba na kuisaidia kutoka. Inasaidia sana wale ambao bado hawajaonyesha alama. Na wale waliokufa, tafazali, maini yasiliwe. Tunajua njo kipande watu wanachokipenda.

Nyama wengine wanaotumia madini

Tumalizie na wale ambao hatufugi, maana ku mikutano watu wanatuuliza na maulizo ni mazuri.

Konokono mkubwa wa shamba, damu yake haiko nyekundu. Badala ya chuma anatumia shaba kubeba hewa. Damu ile bila hewa haina rangi, ikipata hewa inakuwa ya bluu kidogo. Kaa wa mtoni na nge nao ni vile. Halafu konokono yule yule anayeishi na shaba mu damu, shaba ya inje inamuua: zamani walikuwa wanamwanga sulfati ya shaba mu maji kwa kuua konokono wadogo wanaoleta bilharzia. Kuna shaba ya kiasi chake na shaba iliyozidi, sawa vile tumeona ku kondoo.

Ndege wa pori anayeitwa shorobo, yule anayeruka toka mti mpaka mti na kufungua mabawa mekundu, ile rangi nyekundu ni shaba kweli kweli. Anaipata ku matunda, anaitia mu manyoya. Mwaka 1869 Mwingereza Arthur Church aliipima na kukuta shaba ndani ya rangi ile. Ukiokota unyoya mwekundu chini ya mti, utie mu maji ya sabuni ao ya majivu: maji itapata rangi nyekundu. Ni unyoya uliookotwa tunasema. Ndege mwenyewe umuache ku mti.

Kobalti, ile inayochimbwa Kolwezi na kupelekwa mbali, mbuzi wako anaihitaji pia. Vidudu vidogo sana vinavyoishi mu tumbo lake kubwa vinaitumia kutengeneza vitamini B12. Ku fasi udongo hauna kobalti, kondoo na mbuzi wanakonda na majani iko mbele yao.

Siafu na aina zingine za mchwa hawana chuma ku meno, lakini kati ya siafu, mchwa na panzi, bilulu wengi wanatia zinki ku makali ya taya. Mtafiti Robert Schofield wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ametumia miaka mingi kuangalia taya zile. Ku siafu wanaokata majani, wale wa Amerika, walikuta kwamba siafu aliyezeeka na meno kuisha makali anaacha kazi ya kukata, anabeba majani yaliyokatwa na vijana. Hakuna anayemufukuza ku kiota.

Na hii ya mwisho inatuhusu mu gala. Baadhi ya bilulu wanaotoboa mbegu nzima, wakiwa bado watoto, wako na zinki ao manganizi ku taya, na wale wanaokula unga uliosagwa tayari mara nyingi hawana. Ni kwa vile mtoto wa kilulu cha maharagi anaweza kupita ngozi ngumu ya haragi kavu, tundu ambalo hata ukucha wako hauwezi kutoboa. Usitegemee kwamba haragi ngumu itamushinda. Utegemee hewa. Anika maharagi mpaka ukiuma haragi inavunjika na sauti, uache ipoe mu kivuli, ujaze bidon mpaka ku shingo kabisa bila fasi wazi, ufunge kwa nguvu, utie mshumaa ulioyeyushwa ku kifuniko. Bilulu waliomo watamaliza hewa wao wenyewe na watakufa mu wiki chache. Ile bidon usiifungue kila siku kuangalia kama imekuwa sawa, kwa sababu kila mara unapoifungua hewa mpya inaingia, na wale waliobaki wanaanza tena.